Biblia Kwenye Simu: Isomeke, na Mtu Asipotee Ndani Yake

Haya ni maneno tuliyowaeleza viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika mkutano wao wa robo mwaka. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumeombwa tuseme juu ya Biblia iliyo ndani ya simu na kompyuta. Tunajua kuna waliojiuliza: hawa wa ofisi ya maendeleo, ambao kila siku wanatuambia habari za mizinga ya nyuki na matangi ya maji, wameingiaje katika jambo hili? Tutawajibu mara moja. Vikundi vyetu karibu vyote hufungua mkutano kwa neno. Na neno lile haliishii kwenye kufungua mkutano. Linatembea mpaka kwenye kitabu cha mweka hazina. Ndilo linaloamua kama mwenzetu aliyeshindwa kulipa atasubiriwa ama atafuatwa nyumbani. Sasa ikiwa neno lile linasomwa na mtu mmoja tu, kutoka kwa simu moja, na wengine wote wanaitikia amina, basi hilo ni jambo la maendeleo kabisa.

Tunapozunguka kwenye vikundi tunaona jambo moja kila mahali. Zamani mama alikuja na Biblia yake mkobani. Siku hizi Biblia ile imebaki nyumbani kwa sababu herufi zake ni ndogo, na mtoto aliye Nairobi amemnunulia mama simu na kumwekea Biblia ndani. Haya, mama anafungua simu. Herufi ni kama sisimizi. Anaishika mbali, anaileta karibu, halafu anatulia akitikisa kichwa. Ukimtazama utadhani anasoma. Kumbe anaangalia tu. Na kwa kuwa ni mtu mzima, hawezi kusema mbele ya watoto kwamba haoni.

Hebu tuwape habari ya kikundi kimoja. Hatutakitaja, na wenyewe wametukubalia tuiseme. Mwanachama mmoja, mama mjane, alikopa shilingi 15,000 za mbegu na mbolea, akaweka cherehani yake kama dhamana. Alilipa shilingi 3,000. Mvua ikakosa, kisha mtoto akalazwa hospitalini, na miezi minne ikapita bila senti. Siku ya mkutano mambo yalikuwa moto. Kijana mmoja akasoma kutoka kwa simu yake mstari wa Zaburi, ule wa 37:21, unaomsema mtu mbaya kwamba hukopa na halipi. Ulikuwa umeandikwa vizuri juu ya picha ya mlima, ametumiwa na rafiki. Watu wakanyamaza. Ikakubaliwa kwamba vijana wawili waende kesho yake kuchukua cherehani.

Ndipo nyanya mmoja akauliza, "Na huo mstari unaendeleaje?" Kijana akatazama. Picha haikuwa na mwendelezo. Akafungua programu yenyewe atafute Zaburi, lakini orodha ya vitabu ilikuwa ya Kiingereza na ya kufuata alfabeti. Nyanya akasema tena kwamba anakumbuka mahali fulani katika Torati kuna habari ya jiwe la kusagia, kwamba halichukuliwi. Wapi? Hakukumbuka. Watu kumi na wanane, simu saba, na hakuna aliyeweza kupafikia. Mwenyekiti akafanya jambo la busara, akaahirisha habari ya cherehani kwa wiki moja.

Wiki iliyofuata walikuwa wamepata. Ile Zaburi 37:21 ina nusu ya pili, na nusu hiyo inamsema mwenye haki, jinsi alivyo na huruma na jinsi anavyotoa. Picha ilikuwa imekata nusu hiyo ili maneno yaenee juu ya mlima. Tena wakapata Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 6: jiwe la kusagia lisiwekwe rehani, maana hiyo ni riziki ya mtu. Mistari ya 10 mpaka 13 inasema mkopeshaji asiingie ndani ya nyumba kuchukua dhamana, asimame nje. Mstari wa 17 unamtaja mjane kwa jina la hali yake. Tena wakaenda Nehemia 5, ambapo watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na Nehemia mwenyewe, ambaye naye alikuwa amekopesha, anawaambia wakubwa wenzake warudishe.

Walifanya nini? Deni halikufutwa. Tunasema hivi kwa sababu kuna watu hupenda kusikia kwamba Biblia inafuta mikopo, hasa mikopo yao wenyewe. Walisema cherehani ndiyo jiwe la kusagia la mama huyu, ibaki kwake ashone. Zile shilingi 12,000 alipe 500 kila wiki, yaani wiki 24. Alimaliza wiki ya 27, maana wiki tatu hakuwa na kitu. Pesa yote ilirudi.

Sasa angalieni. Vijana wale hawakuwa watu wabaya, na programu haikuwa mbovu. Shida ilikuwa mbili tu. Wenye kukumbuka hawakuweza kusoma, na wenye kuweza kusoma hawakujua njia ya kufika. Hayo mawili ndiyo tutayasema leo, na yote mawili yanatengenezeka bila kununua kitu.

Kwanza macho

Baada ya miaka 40 hivi, macho ya karibu kila mtu huanza kushindwa na vitu vya karibu. Si ugonjwa wala si laana, ni umri. Miwani ya kusomea husaidia. Lakini ukiona ukungu, au taa zinatawanyika usiku, hiyo huenda ikawa mtoto wa jicho, na hapo hata ukikuza herufi ziwe kama za kibao cha duka hazitakuponya. Nenda hospitalini ukapimwe. Tumeanza na hilo kwa sababu kuna mzee aliyebadilisha simu mara mbili akidhani simu ndiyo haioni.

Kukuza herufi kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ndani ya programu ya Biblia yenyewe. Katika YouVersion, ile inayotumiwa na wengi wenu, ukifungua sura utaona alama ya herufi A mbili, moja ndogo na moja kubwa. Bonyeza hapo, utapata kukuza herufi, kupanua nafasi kati ya mistari, na kubadilisha rangi ya ukurasa. Programu nyingine nazo zina alama kama hiyo ama zinaiweka chini ya vidoti vitatu. Njia ya pili ni katika simu yenyewe, kwa mipangilio, ile ambayo wengi huiita setingi, yenye picha ya gurudumu la meno. Ukikuza huko, kila kitu kinakuwa kikubwa, hata ujumbe wa M-PESA. Kwa mzee tunapendekeza zote mbili. Kuona ujumbe wa M-PESA vizuri nako ni baraka.

Lakini msizidishe. Herufi zikiwa kubwa mno, skrini ya simu inabeba maneno matatu kwa mstari, na msomaji anakuwa kama mtu anayetafuna punje moja moja ya mahindi. Kufika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Kipimo chetu ni hiki: shika simu pale mkono wako unapotulia wenyewe, karibu na kifua, usiponyoosha. Kuza mpaka usome bila kukunja uso, halafu simama hapo. Kama maneno kwenye mstari hayafiki matano, ilaze simu upande ili skrini iwe pana. Ikikataa kugeuka ukiilaza, kuna kitufe cha kuruhusu skrini izunguke. Vijana wanakijua, waulizeni.

Nafasi kati ya mistari wengi hawaigusi, na sisi tunaona inasaidia kuliko hata ukubwa. Mistari ikibanana, jicho likifika mwisho wa mmoja linarudi kwenye ule ule. Umeshasikia mtu akisoma mstari mmoja mara mbili kanisani bila kujua? Ndiyo hiyo. Panua kidogo.

Kuhusu rangi, kuna mtindo wa ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Ni mzuri usiku kitandani, hauchomi macho, na kwa simu za aina fulani ya skrini hupunguza kula betri. Lakini sisi tunakutana chini ya mwembe saa nane mchana. Pale ukurasa mweusi unageuka kioo, unaona uso wako na matawi. Mchana tumia ukurasa mweupe na mwangaza wa juu. Na wale wenye Biblia inayoweka maneno ya Yesu kwa rangi nyekundu: jambo hilo halikuwako tangu mitume. Lilianzishwa na Louis Klopsch, mhariri mmoja wa New York, aliyetoa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899. Wekundu juu ya weusi ni mgumu kusomeka, hasa kwa mtu mzima. Kama programu yako inaruhusu kuuzima, uzime. Maneno yatabaki ya Yesu.

Tena kuna zile nyota ndogo na herufi ndogo ndogo katikati ya maneno. Ni viungo vya kwenda kwenye maelezo au mistari mingine. Kwa yule anayetayarisha somo ni hazina, na tutarudi kwao. Kwa anayesomea kikundi kwa sauti ni miiba. Kidole kinagusa nyota, ukurasa unaruka, msomaji anapotea, watu wanaguna. Vizimeni wakati wa kusoma pamoja.

Jambo dogo la mwisho hapa. Simu nyingi hujizima skrini baada ya sekunde 30. Nyanya anasoma polepole, anafika katikati, giza. Akiigusa inaomba namba ya siri. Ameshaaibika. Ongezeni muda huo uwe dakika 5 ama 10 kabla ya mkutano. Na mkishapakua Biblia ndani ya simu, wekeni simu katika hali ya ndege. Itasomeka vile vile, bando haliliwi, wala hakuna mtu atapigiwa wakati wa maombi.

Sasa njia

Tukubaliane kwanza kwamba sura na mistari ni vibao vya barabarani. Paulo hakuandika "sura ya 3". Aliandika barua. Sura hizi tunazotumia zilipangwa mwanzoni mwa karne ya 13, na kwa kawaida husemwa kuwa ni kazi ya Stephen Langton, mwalimu wa Paris ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mistari ya Agano Jipya ikatiwa namba na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551, na Biblia ya Kiingereza ya Geneva ya mwaka 1560 ikatia kila mstari namba na kuuanzisha upya pembeni. Vibao hivyo vinatusaidia sana. Hebu fikiria kumwambia mtu "pale katikati ya Isaya" akupate! Lakini kibao si nyumba. Programu ikikuonyesha mstari mmoja peke yake, imekuonyesha kibao.

Kwa hiyo sharti la kwanza tunaloomba vikundi viwe nalo: mstari ukisomwa kwa ajili ya uamuzi, usomwe kutoka kwa sura iliyofunguliwa, si kutoka kwa picha wala ujumbe uliotumwa. Msomaji arudi nyuma mistari mitano na aende mbele mistari mitano. Na programu nyingi zina mpangilio wa kuonyesha maneno kwa mafungu badala ya kila mstari peke yake. Chagueni mafungu. Utaona barua inakuwa barua na hadithi inakuwa hadithi.

La pili ni lugha ya programu. Mtu anaweza kuwa na Biblia ya Kiswahili ndani ya programu ambayo vitufe vyake bado ni vya Kiingereza. Badilisheni lugha ya programu iwe Kiswahili, kama inayo. Halafu tazameni orodha ya vitabu imepangwaje. Kuna mpangilio wa kawaida, Mwanzo mpaka Ufunuo, na kuna wa alfabeti. Wa alfabeti unaweza kuwafaa Waingereza. Kwetu ni balaa. Jaribuni: Waamuzi, Waebrania, Waefeso, Wafilipi, Wagalatia, Wakolosai, Warumi, wote wamerundikana kwenye W kama watu wa matatu moja. Rudisheni mpangilio wa kawaida. Mama aliyeimba majina ya vitabu katika shule ya Jumapili miaka hamsini iliyopita atafika Nehemia kabla ya kijana.

Vifupisho navyo vina mitego. Yn ni Yohana, Yon ni Yona, Yoe ni Yoeli, Yos ni Yoshua. Mk ni Marko na Mik ni Mika. Flp ni Wafilipi lakini Flm ni Filemoni. Hab na Hag zimefuatana na Sefania katikati. Ukiandika kwenye kisanduku herufi moja ikazidi, umetoka kwa mtume ukaingia tumboni mwa samaki. Tena kumbukeni 1 Yohana si Yohana 1. Ya kwanza ni waraka, ya pili ni sura ya Injili. Katibu anapoandika somo kwenye daftari aandike jina zima la kitabu. Wino haujaisha.

Ndugu zetu Wakatoliki mliomo vikundini, hili ni lenu. Mama mmoja alitafuta Yoshua bin Sira sura ya 29, ambayo inazungumza wazi juu ya kumkopesha jirani na juu ya kumdhamini mtu. Hakuipata, akadhani simu imeharibika. Biblia iliyokuwa ndani ni ya Union Version, ile ya mwaka 1952, yenye vitabu 66. Biblia ya Kikatoliki ina 73. Tazameni orodha kabla ya kupakua, na kikundi kikiwa cha mchanganyiko, kila mmoja awe na yake. Hakuna ugomvi hapo.

Kutafuta kwa neno

Hapa ndipo tungependa kukaa kidogo, maana hapa ndipo nyanya wetu wa jiwe la kusagia alikwama. Programu ina kisanduku cha kutafuta, chenye picha ya kioo cha kukuzia. Unaandika neno, inakuletea mistari yote yenye neno hilo. Kwa Kiingereza kazi hii ni rahisi kidogo. Kiswahili chetu kinavaa nguo mbele na nyuma. Mtu hasemi "penda" tu. Anasema kupenda, alipenda, tunapendana, mpendwa, upendo. Programu haijui kwamba hao wote ni watoto wa nyumba moja. Yenyewe inatazama herufi.

Kuna programu zinazotafuta neno zima, na kuna zinazotafuta herufi popote zilipo ndani ya neno. Nyingine zinakuacha uchague. Tulikaa jioni moja na mweka hazina wa kikundi kimoja, tukajaribu maneno ya mikopo. Tukaandika "deni" kwa kutafuta popote. Tukapata madeni na wadeni, vizuri. Lakini pia tukapata bustani ya Edeni! Na "enendeni", na "pendeni", maana zote zina d-e-n-i ndani yake. Tukaandika "riba". Tukapata riba kweli, kisha tukapata viriba vya divai. Tulicheka, lakini mtu asiyejua angeiona programu imechanganyikiwa. Kwa maneno mafupi kama hayo, chagueni neno zima, halafu mtafute na ndugu zake mmoja mmoja: deni, madeni, mdeni, wadeni.

Kwa vitenzi fanyeni kinyume. Ondoeni mwanzo na mwisho, mwandike shina. Ukiandika "kopesh" utapata kukopesha, akikopesha, ukopeshapo. Ukiandika "sameh" utapata samehe na samehewa. Lakini msamaha haimo, kwa sababu hapo herufi zimegeuka kuwa "samaha". Basi unatafuta mara mbili. Ni kama kwenda shamba mara mbili, maharage kwanza, mahindi baadaye.

Tena Union Version ina maandishi ya zamani. Inaandika "ye yote" na "cho chote" kwa kutenganisha, ambapo sisi leo tunaunganisha. Ukiandika "yeyote" unaweza kuambiwa hakuna, na wewe unajua limo. Tenganisha ujaribu tena. Na kama umezoea Habari Njema, maneno yake si yale yale, kwa hiyo mstari unaoukumbuka kwa kichwa utafute katika tafsiri uliyoukariri. Hili limewasumbua wahubiri wengi, wala hawasemi.

Sasa jiwe la kusagia. Je, nyanya angeandika "deni" angefika Kumbukumbu la Torati 24? Asingefika, kwa sababu mstari ule unasema habari ya rehani. Angeandika "kusagia" angefika haraka. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba usitafute kwa jina la shida yako, tafuta kwa kitu unachokikumbuka ndani ya habari: jiwe, nguo, kisima, punda. Wazee hukumbuka vitu. Vijana hukumbuka vitufe. Wakae benchi moja.

Ukishafika mahali pamoja, ndipo washeni zile nyota tulizozizima. Zinaonyesha njia ya kwenda sehemu nyingine zinazofanana. Kutoka rehani unaweza kuongozwa mpaka Walawi 25, ambako kuna mwaka wa 50 wa Yubile, ama Kumbukumbu 15 na mwaka wa saba. Fuata kiungo kimoja, soma, rudi kwa mshale wa nyuma. Usifuate kiungo kutoka kwa kiungo kutoka kwa kiungo. Baada ya vitatu hujui ulitoka wapi wala ulikuwa unauliza nini. Na ukipata mahali pazuri, paweke alama. Kila programu ina kitu cha kuweka alamisho ama kupaka rangi. Kikundi kile sasa katibu wao amepaka kijani mistari yote ya mikopo, na anaifungua kabla ya kufungua daftari la hesabu.

Kompyuta, na wasio na simu kubwa

Vikundi viwili hapa vina kompyuta kwenye ofisi ya parokia. Huko mambo ni rahisi zaidi kwa sababu skrini ni pana. Mnaweza kuweka tafsiri mbili sambamba, Union Version kushoto na Habari Njema kulia, zikashuka pamoja. Kwenye simu msijaribu, kila upande unapata maneno mawili. Kuna programu za bure za kompyuta, kama e-Sword ambayo imekuwako tangu mwaka 2000, lakini hakikisheni kwanza kwamba Kiswahili kimo kabla ya kumaliza bando kuipakua. Anayetayarisha somo atumie kompyuta, anakili marejeo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na karatasi ndiyo ije mkutanoni.

Wenye kabambe, ile tunayoita mulika mwizi, hawajasahauliwa. Wala wasiojua kusoma. Programu kadhaa, kwa mfano Bible.is, zina Biblia ya kusikiliza, na Agano Jipya la Kiswahili limo. Faili za sauti ni nzito, zipakueni palipo na Wi-Fi. Simu moja na spika ndogo inatosha watu ishirini. Kama msomaji anakimbia, nyingi zina mahali pa kupunguza mwendo. Tumeona akina mama wasiosoma wakisimamisha sauti na kusema "rudisha hapo", na hapo pakawa ndipo penye somo.

Na Biblia ya karatasi msiitupe. Tunaomba kila kikundi kiwe na moja ya herufi kubwa, ikae mezani katikati. Haina betri. Tena ukiifungua unaona ukurasa mzima, unajua uko mwanzo wa kitabu ama mwisho, jambo ambalo simu haijaweza kukuonyesha vizuri mpaka leo.

Tumesema mengi, na chai iko tayari. Baada ya chai kutakuwa na meza tatu. Ya kwanza ni ya kukuza herufi na kurekebisha mwangaza, ya pili ni ya kubadilisha lugha na kupakua, maana Wi-Fi ya ofisi imefunguliwa mpaka saa kumi. Ya tatu ni ya kutafuta kwa neno, na pale tutajaribu "rehani" pamoja. Vijana, kila mmoja wenu achukue mzee mmoja asiye wa nyumba yake. Msimshikie simu. Mwelekezeni kidole, abonyeze mwenyewe, na msiondoke mezani mpaka amesoma mistari mitatu kwa sauti. Aliyesahau miwani, mama katibu ana jozi nne kwenye kikapu.